Orodha kwanza, pesa baadaye: tunavyoagiza spea za Subaru kwa pamoja Kampala

Mtu akinijia na kusema, "Dada, mkiagiza tena mniweke," simuulizi ana shilingi ngapi. Namwambia anitumie picha ya kibati cha gari lake, kile kilichobandikwa chini ya boneti chenye namba ya chesesi. Asipotuma, hayumo. Wapo wanaoniona nina roho ngumu, na sioni shida, maana nimeshika orodha za wenzangu muda wa kutosha kujua shughuli hizi huharibikia wapi. Haziharibikii Dubai, wala bandarini Mombasa, wala kwa watu wa forodha. Zinaharibikia kwenye orodha, kabla hata shilingi moja haijatoka mfukoni kwa mtu.

Mimi ni mtoto wa Tororo. Nimekua nikisikia malori ya Malaba yakikata usiku, na Kiswahili changu nimekipata kwa madereva na mataniboi wa barabara ile. Siku hizi naishi Kampala. Mchana nafanya hesabu katika ofisi ya wakala wa forodha. Jioni na Jumapili ni za Subaru Forester yangu, aina ya SG5 kama inavyosomeka kwenye chesesi, ya turbo, kijani iliyokolea. Magari niliyapenda zamani, na mwaka 2011 Susan Muwonge alipochukua ubingwa wa taifa wa mbio za magari akiwaacha wanaume wote nyuma, nilijiapia kwamba nami nitakuwa na gari langu mwenyewe, tena la kunguruma.

Kundi letu halina jina wala katiba. Yumo afande mstaafu mwenye Legacy BP5, kaka wa Goma anayefanya biashara zake Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, mwalimu wa Mukono, Wakenya kadhaa wanaofanya kazi hapa mjini, na vijana wenye Impreza ambao ukiwaona Jumapili asubuhi utadhani wanakwenda harusini kwa jinsi magari yalivyong'arishwa. Kiganda hatukijui sote sawasawa, kwa hiyo mambo yetu yote, pamoja na ugomvi, yanakwenda kwa Kiswahili.

Sina neno baya na soko la Kisekka, soko la spea hapa Kampala. Beringi ikilia Jumamosi jioni, huko ndiko utakakokimbilia, na utapata mtu wa kukusaidia hata giza likiingia. Lakini muuzaji wa Kisekka naye ana familia: analeta kinachotoka haraka, na kinachotoka haraka ni vitu vya Toyota, maana ndizo zilizojaa barabarani. Ukitaka shokapu mpya za Forester, zenye namba sahihi ya gari lako, utaonyeshwa za mtumba zilizotolewa kwenye gari lililokwisha zeeka Japani, au mpya zenye jina kubwa juu ya sanduku na bei isiyolingana na jina hilo. Shokapu ya mtumba hupimwa kwa kubonyezwa juu ya kaunta. Inarudi, unalipa. Baada ya miezi michache ya mashimo na matuta ya Kampala inaanza kutoa oili pembeni, na wewe umeshalipa fundi kufungua na kufunga.

Ndiyo maana tuliamua kuagiza. Mtu mmoja peke yake akiagiza bushi nne, vile vipande vya mpira vya kwenye maungio ya mikono ya magurudumu, kutoka nje, nauli inaweza kuzidi bei ya bushi zenyewe. Benki inakata ada ya kutuma pesa nje ile ile hata kama unatuma kidogo. Wakala wa forodha anafungua faili moja kwa sanduku moja na faili moja kwa masanduku 40, na ada ya faili ni ya faili. Mkiwa wengi, gharama hizi zinagawanyika. Punguzo la muuzaji lipo pia, ila kwa hesabu zangu mimi punguzo lile ni dogo kuliko mnachookoa kwenye nauli, benki na wakala. Anayewaambia watu waungane kwa sababu ya "bei ya jumla" tu amewaambia nusu ya habari.

Sasa turudi kwenye orodha, maana hapo ndipo penye kazi.

Ukimuuliza mtu wa Kampala ana gari gani atakujibu "Forester." Ukiomba logibuku utakuta imeandikwa Subaru Forester na namba ya chesesi, basi. Lakini Forester ni nyingi. Kuna SF5 ya zamani, kuna SG5, kuna SG9 yenye injini kubwa ya lita 2.5. Ndani ya SG5 kuna yenye turbo na isiyo na turbo. Tena kwenye kibati, baada ya SG5, Subaru huweka herufi ya toleo: A, B, C na kuendelea, kadiri walivyobadilisha vitu mwaka hadi mwaka. Herufi moja ile inaweza kukuokoa au kukumaliza. Waulize wenye Impreza STI za GDB. Za mwanzo zina bolti tano katika duara la milimita 100. Kuanzia toleo la herufi E duara likawa milimita 114.3. Kijana mmoja wetu alikuwa ameshachagua rimu, ameshazipigia hesabu, ameshawaonyesha na marafiki zake. Picha ya kibati ikaja na herufi E. Rimu zile zisingeingia hata kwa nyundo. Tulimhamishia kwenye safu nyingine kabla pesa haijaenda, akapata zinazomfaa.

Picha haitoshi, kwa hiyo tuna Jumapili ya ukaguzi. Tunakutana Ndeeba, kwenye yadi ya fundi tunayemwamini, mtu mzima aliyejifunzia kazi gereji za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kila gari linapandishwa jeki, yeye anaingia chini na tochi, mimi nasimama pembeni na daftari. Hakuna anayeandikwa kwa maneno ya mdomoni.

Gari la mwalimu wa Mukono ndilo lililotufundisha wote kwa nini ukaguzi huu hauna mbadala. Nyuma lilikuwa limekaa kitako, utadhani limebeba mifuko ya saruji, na ndani hamna kitu. Mwalimu alitaka shokapu mbili za nyuma, za kawaida, kama alivyoshauriwa na jirani yake. Fundi akamwita chini ya gari.

"Mwalimu, inama uone. Mwili wa shokapu hii umenona, si ndiyo?"

"Umenona."

"Sasa nenda kaangalie ya gari lile jeupe."

Mwalimu akaenda, akainama, akarudi. "Ile nyembamba."

"Hii yako inajipandisha yenyewe gari likitembea. Ukipakia mzigo, unatembea kidogo, nyuma inarudi juu. Wajapani waliziweka hizi kwenye baadhi ya Forester. Ikifa, haipandishi tena. Ndiyo umekaa kitako."

"Basi nibadilishie shokapu tu, fundi. Springi ni nzima."

"Springi ni nzima lakini ni laini, mwalimu. Zilitengenezwa laini kwa sababu shokapu ilikuwa inabeba sehemu ya uzito. Nikikuwekea shokapu ya kawaida na springi hizi, kesho utarudi hapa bado umekaa kitako, na utasema nimekula pesa yako."

Mwalimu alisimama akapangusa magoti, akafikiri. Halafu akaniambia nimwandikie shokapu mbili na springi mbili. Oda yake ikapanda bei pale pale, na yeye mwenyewe alikuwa ameona sababu kwa macho yake. Tangu siku ile daftari langu lina safu ya ziada: shokapu ya nyuma nene au nyembamba. Magari mawili yaliyotoka mwaka mmoja, rangi moja, bandari moja, yanaweza kutofautiana hapo tu.

Baada ya ukaguzi kuna siku ya kufunga orodha, na ikifungwa imefungwa. Hapa ndipo ninapogombana na watu ninaowapenda. Muuzaji anatoa bei kwa idadi fulani. Ukiongeza mtu mmoja baada ya bei kutolewa, au ukipunguza mmoja, hesabu za nauli za kila mtu zinabadilika, na lazima uwarudie wote kuwaeleza. Ukishawarudia mara ya pili, wanaanza kunong'ona. Bora mtu akukasirikie leo kwa kumwambia asubiri oda ijayo kuliko kundi zima likushuku kwa mwezi mzima.

Pesa tunazikusanya kwa awamu mbili. Ya kwanza ni bei ya vitu peke yake, kama ilivyo kwenye proforma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, kwa dola, na kila mtu analipa shilingi zake kwa kiwango cha benki cha siku ile tunayotuma. Ya pili ni nauli, kodi na wakala, na inakusanywa mzigo ukikaribia, risiti zikiwa mkononi. Wapo waratibu wanaokusanya kila kitu kwa mkupuo mmoja kwa makadirio. Siwalaumu, lakini makadirio yakizidi inabaki pesa isiyo na mwenyewe, na pesa isiyo na mwenyewe ni chanzo cha maneno. Akaunti yetu ya benki ina sahihi mbili, yangu na ya afande. Watu wanaweka moja kwa moja benki. Tulijaribu simu mwanzoni, lakini kutoa pesa za simu Uganda kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, juu ya ada ya kampuni yenyewe. Kwa mtu anayetoa elfu ishirini si kitu. Kwa pesa za kundi zima ni bei ya springi.

Kuna jambo ambalo wengi hawapendi nilitaje: mratibu alipwe. Simaanishi tajiri apate faida. Namaanisha muda, vocha, nauli za bodaboda kwenda benki na kwa wakala, viandikwe kama mstari mmoja kwenye hesabu, kila mtu auone na aukubali. Mtu anayesema anawafanyia bure kabisa, mara nyingi anajilipa mahali ambapo hamwoni, kwenye kiwango cha dola au kwenye nauli. Tunamkumbuka wote bwana mmoja aliyekusanya pesa za rimu kwa watu hapa mjini, kwa upole na heshima zote, eti anasaidia vijana tu. Simu ikazimwa. Waliochanga hawakuwa na karatasi hata moja, kwa sababu walimwonea haya mtu anayejitolea. Kwetu kila aliyechanga ana nakala ya orodha nzima: nani, chesesi gani, namba gani ya spea, kiasi gani kalipa. Hakuna siri. Mwenye aibu ya kuonekana kalipa kiasi gani anaagiza peke yake.

Na kujitoa? Kabla orodha haijafungwa, ruksa. Ikishafungwa na pesa imetumwa, hairudi. Mwenzetu mmoja alipata shida ya ada za watoto shule zilipofunguliwa, akaomba arudishiwe. Shida yake ilikuwa ya kweli, na mimi roho iliniuma. Afande ndiye aliyemjibu, kwa utulivu: "Ndugu yangu, pesa iko kwa Mwarabu. Nafasi bado ni yako. Tukutafutie mwenye chesesi kama yako, akulipe, achukue nafasi." Tukampata mtu wa Jinja mwenye SG5 ya herufi ile ile. Siku ile wale walioona ukali wa mambo ya vibati walielewa kwamba spea yenye namba sahihi ni mali inayouzika, na isiyo na namba ni chuma tu.

Muuzaji wetu yuko Deira, Dubai. Shokapu tulichukua KYB, za Kijapani, na hapo ndipo unapopaswa kufungua macho, kwa sababu jina likipendwa hughushiwa. Kaka wa Goma ana binamu anayeishi kule. Kabla ya kulipa, binamu alikwenda dukani kwa miguu yake, akachagua sanduku moja rafuni mwenyewe badala ya lile aliloandaliwa, akalifungua mbele ya simu tukitazama. Akaonyesha namba ya kwenye sanduku, kisha namba iliyopigwa kwenye mwili wa shokapu, zikalingana. Kisha akaisimamisha sakafuni, akaikandamiza kwa uzito wake wote mpaka chini, akaachia. Fimbo ikapanda yenyewe, polepole, bila kusita, mpaka juu. Shokapu ya gesi nzima hufanya hivyo, kwa sababu ndani mna naitrojeni inayoisukuma. Fundi, aliyekuwa akitazama begani kwangu, akasema, "Hiyo hai. Lipa."

Proforma tuliikataa mara ya kwanza. Iliandikwa "vipuri vya gari" na jumla ya pesa, kwisha. Kwa kazi ninayofanya mchana najua karatasi ya namna hiyo inavyokuja kukutesa. Forodha hazitozi "vipuri vya gari." Shokapu zinaingia fungu la forodha namba 8708.80. Springi za chuma, hata ziwe za gari, zinakwenda 7320. Bushi za mpira zinaangukia 4016. Kila fungu lina kiwango chake cha ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao tangu Julai 2022 una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Usipomtenganishia mthamini vitu vyako, atavitenganisha yeye, na hana sababu ya kukuchagulia ngazi ya chini. Tulitaka kila mstari uwe na namba ya spea, idadi, bei, na neno linaloeleza kitu chenyewe. Muuzaji alinung'unika, akaandika.

Watu wengi hushtuka wakifika kwenye kodi, kwa hiyo hesabu hii huifanya mbele yao mapema. Chukua kitu ambacho thamani yake, pamoja na nauli na bima, ni dola 100, na fungu lake ni la asilimia 10. Ushuru dola 10. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 110, ni dola 19.80. Ada ya miundombinu asilimia 1.5, dola moja na nusu. Kodi ya zuio asilimia 6, dola sita. Umeshapita dola 37 na bado hujamlipa wakala wala lori. Anayekuambia "dola 100 ni kama laki tatu na kitu" anakupotosha.

Kuhusu ile asilimia 6, kuna jambo watu hawalisemi. Mzigo unaingia kwa TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mtu mmoja, na kodi ya zuio inahesabiwa kama malipo ya awali ya kodi ya mapato ya mwenye TIN. Maana yake wote wamechanga, lakini mmoja ndiye anayeweza kuidai wakati wa kufunga hesabu zake za mwaka. Upande wa pili, huyo huyo ndiye atakayeonekana mbele ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kama mfanyabiashara wa spea. Sisi tulitumia TIN ya kaka wa Goma, ambaye biashara yake imesajiliwa na hesabu zake ziko sawa, tukakubaliana kwa maandishi jinsi faida ya kuidai kodi ile itakavyohesabiwa kati yake na sisi. Tulibishana jioni nzima juu ya hilo peke yake, na ninafurahi tulibishana kabla ya mzigo kufika.

Safari yenyewe haina mengi. Bushi, kwa kuwa ni nyepesi, zilikuja kwa ndege mpaka Entebbe. Shokapu na springi zilipanda meli ndani ya kontena la kuchangia, ambalo hulipwa kwa mita ya ujazo, mpaka Mombasa, kisha lori zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Malaba. Shokapu za gesi hazipendwi na ndege. Zinahesabika kama vitu vyenye mgandamizo, na shirika litakuuliza karatasi. Kodi ililipwa huku Uganda mzigo ukiwa bado Mombasa, ndivyo utaratibu ulivyo, na lori likapita.

Siku ya kugawa tulirudi Ndeeba. Sheria ni kwamba hakuna anayegusa sanduku lake mpaka yote yahesabiwe. Afande alisoma namba kwenye orodha, fundi akasoma namba kwenye sanduku, mimi nikatia alama. Harufu ya mpira mpya na mafuta ya kuzuia kutu ilijaa yadi, na vijana walikuwa wanazunguka masanduku bila kuweza kukaa. Shokapu za mbele za Forester, ya kushoto na ya kulia, si moja; mabano ya kushikia bomba la breki yanaelekea pande tofauti. Tukafika kwa dada mmoja wa Ntinda: sanduku lake la kwanza R, la pili R. Kimya. Tukafungua yote mawili, kweli zote ni za kulia.

Kama proforma ingekuwa ile ya mwanzo, mambo yangeishia hapo, yeye akilia na sisi tukimtazama. Lakini mstari wake ulikuwa na namba mbili tofauti, na picha ya masanduku yaliyopakiwa ilikuwa nayo binamu. Muuzaji alikubali siku ile ile. Shokapu ya kushoto ikaja kwa ndege, na karatasi zake za gesi zikiwa zimeandaliwa kabla, kwa gharama yake. Ile ya kulia iliyozidi tuliiuzia mtu wa nje ya kundi na pesa zikarudi dukani. Dada alisubiri, na kundi zima likasubiri naye: tulikubaliana hakuna anayefungiwa spea zake mpaka wote wawe kamili, na hakuna aliyelalamika.

Niseme neno juu ya bushi, kwa kuwa watu huniuliza sana. Baadhi yetu tulichukua za poliyurethani, za SuperPro na Whiteline, kampuni za Australia. Vijana walitaka gari zima lifungwe poliyurethani. Fundi alikataa na mimi namuunga mkono. Bushi hizi ni ngumu kuliko mpira. Zinashika mkono wa gurudumu barabara, na usukani unakuwa wa kuaminika, lakini zinapitisha mtikisiko mwingi zaidi ndani. Barabara zetu za murramu zitakuchosha mwili. Mahali zinapolipa ni bushi ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele, ile kubwa, ambayo ya mpira huchanika mapema na kufanya gari livute ukifunga breki. Hapo weka ngumu. Kwingine weka mpira mpya wa kampuni nzuri, utakushukuru mgongo. Na grisi ipakwe ile inayokuja ndani ya pakiti; ukiacha au ukipaka ya beringi, baada ya muda gari litaanza kulia kila unapopita tuta, na watu watasema bushi ni mbovu.

Baada ya kufunga, kila gari lilikwenda kupimwa mwelekeo wa magurudumu siku hiyo hiyo. Usiruke hatua hii kwa kubana pesa. Utakula matairi mapya upande mmoja.

Oda inayofuata ni ya mikanda ya taimingi. Hii ni nzito kuliko shokapu, kwa sababu shokapu ikifa unateseka tu, lakini mkanda wa injini ya EJ20 ya turbo ukikatika, valvu na pistoni zinakutana na injini inakwisha. Subaru huhesabu kilomita 100,000 kwa mkanda mmoja. Gari lililokuja kutoka Japani na kilomita zilizorudishwa nyuma halina hesabu ya kuaminika, kwa hiyo kama hujui mkanda wako ulibadilishwa lini, chukulia haujabadilishwa. Tunaagiza seti nzima: mkanda, tenshena, roli zote na pampu ya maji, kwa kuwa pampu inazungushwa na mkanda huo huo, na hakuna maana ya kufungua mbele ya injini mara mbili. Kwa Forester za SG5, yenye turbo ina kamshafti nne na isiyo na turbo ina mbili, mikanda yake haiingiliani, kwa hiyo safu zitakuwa mbili tangu mwanzo.

Anayetaka kuingia anitumie picha ya kibati, isomeke mpaka herufi ya toleo, na aje na gari Jumapili ya ukaguzi Ndeeba. Aliye Jinja, Mbale au Tororo asiweze kuja, fundi wa kwake apige picha za injini kutoka mbele, kifuniko cha mkanda kikiwa kimefunguliwa upande mmoja, tuone roli zilizomo. Pesa msilete bado.